Barakoa ya mpira yenye vichujio vya P3: maoni ya fundi anayeezua mapaa ya asbesto

Nianze na jibu, maana kuna watakaoyasoma haya wakiwa wamesimama dukani: inunue. Barakoa ya mpira inayoshika pua, mdomo na kidevu, yenye vichujio viwili vya P3 (daraja la juu la Ulaya la vichujio vya vumbi), kimoja kila upande, ndicho kifaa cha chini kabisa ambacho fundi akubali kuvaa kabla hajaligusa paa la asbesto. Ukipewa kilicho chini ya hapo, shuka ngazi.

Kazi yangu ni kuezua mapaa hayo, Mombasa na miji ya jirani. Majengo yenyewe ni ya zamani: madarasa, maghala, karakana, nyumba za wafanyakazi. Yaliezekwa kwa yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, ambayo ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini ya asbesto ili iwe imara. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika taka hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, imetoa mwongozo wa namna ya kuiondoa, kuifunga, kuisafirisha na kuizika. Kazi kwa hiyo haikosekani. Na penye kazi hiyo bado utamkuta kijana aliyeletwa kwa malipo ya kutwa, amejifunga kikoi puani, anapiga bati kwa nyundo livunjike ndogondogo ili liingie kwenye mkokoteni. Huyo ndiye ninayemwandikia, pamoja na aliyemleta.

Kabla ya kuisifu barakoa niseme inazuia nini. Bati la asbesto likiwa zima, limetulia juu ya kenchi, halina ubaya mkubwa. Ubaya huanza likivunjwa, likikatwa kwa grinda, likitobolewa au likiburutwa juu ya jingine. Hapo nyuzi hutoka, na zile zinazoua ni nyembamba mno, jicho halizioni. Vumbi unaloliona likipepea kwenye mwanga wa jua huanguka upesi; nyuzi zenyewe hubaki hewani kwa saa nyingi, na zikivutwa hufika ndani kabisa ya pafu, mahali ambapo kikohozi hakiwezi kuzitoa. Mwili hauziyeyushi. Baada ya miaka 20, 30, wakati mwingine 40 na zaidi, mtu anaanza kukosa pumzi akipanda ngazi za nyumbani kwake. Inaweza kuwa asbestosisi, yaani pafu limejaa makovu. Inaweza kuwa saratani ya pafu. Inaweza kuwa mesothelioma, saratani ya ule utando unaolizunguka pafu, ambayo matibabu yake mara nyingi huongeza muda tu. Ndiyo maana kijana akiniambia ameifanya kazi hii miaka kadhaa na hajawahi hata kukohoa, namwambia kwamba ugonjwa huu hauonekani mapema hivyo. Na akiwa mvutaji sigara namwambia zaidi, kwa sababu asbesto na sigara zikikutana katika pafu moja, hatari ya saratani ya pafu huzidishwa.

Sasa tulinganishe. Kikoi, leso, fulana iliyofungwa usoni: hakuna zinachozuia. Zile barakoa za buluu zilizojaa kila duka wakati wa korona zilitengenezwa ili mate ya mvaaji yasimrukie mwenzake, na pembeni ziko wazi. Za karatasi zenye alama ya N95 hukamata asilimia 95 ya chembe za majaribio, kiwango kisichotosha kwa asbesto hata zikikaa vizuri. Ziko za kutupa zenye alama ya FFP3, na hizo ni nzuri kweli. Katika hesabu za wakaguzi wa Uingereza zinapewa kiwango kile kile cha ulinzi kinachopewa barakoa ya mpira yenye P3, yaani hewa unayovuta inahesabiwa kuwa safi mara 20 kuliko ya nje. Kwenye karatasi zinalingana. Juu ya paa la Mombasa mwezi wa Februari, upepo umekatika na jua limesimama, hazilingani. Jasho huilowesha ile ya kutupa, inalegea, waya wa puani unaachia, na kufikia saa tatu asubuhi hewa inapita pembeni. Mpira haunyonyi jasho, na ukingo wake unabaki na umbo lile lile tangu mnapanda hadi mnashuka. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuichagua.

Kichujio cha P3 kimepimwa kukamata angalau asilimia 99.95 ya chembe za majaribio. Wamarekani wana kipimo chao, P100, cha asilimia 99.97, na vichujio vyake huwa na rangi ya waridi iliyokolea. Kimojawapo kati ya hivyo viwili kinafaa. Kwenye vile vya P3 tafuta pia herufi R iliyoandikwa kando ya namba. Maana yake ni kwamba kichujio kinaweza kutumika tena baada ya zamu moja. Kikiandikwa NR, ni cha zamu moja, kisha kinatupwa.

Sipigii debe kampuni moja. Barakoa za aina hii hutengenezwa na 3M, Dräger, Sundström, Moldex na wengineo, na ninayoyasema hapa, mazuri na magumu, yanaihusu aina yenyewe. Kikubwa kuliko jina ni saizi. Katika zile nyepesi za 3M, kwa mfano, 6100 ni ndogo, 6200 ni ya kati na 6300 ni kubwa. Maduka mengi huweka ya kati peke yake, na muuzaji atakwambia inawatosha wote. Usikubali.

Mafunzo niliyopitia yalikuwa na kipimo ambacho natamani kila nyapara akione. Unavaa barakoa yako, kisha unavikwa kichwani kifuniko kama mfuko mpana chenye dirisha mbele, na mkufunzi anapuliza ndani yake ukungu wa dawa chungu sana isiyo na madhara. Kabla ya hapo ameshakuonjesha bila barakoa, ili ajue ulimi wako unauhisi uchungu. Halafu unaagizwa: pumua kawaida. Vuta pumzi ndefu. Geuza kichwa kulia, kushoto. Inua, inamisha. Soma maneno haya kwa sauti. Inama kama unayeokota kitu. Usipohisi uchungu, barakoa imekushika. Ukihisi, inavuja, hata kama kwenye kioo unaiona imekaa sawasawa.

Tulikuwa kundi la mafundi wenye barakoa za aina moja na saizi moja, mpya, zimetolewa kwenye pakiti mbele yetu. Wengine walipita bila shida. Kaka mmoja mwenye uso mwembamba aliinamisha kichwa tu, akaanza kukunja uso na kupunga mkono avuliwe. Akapewa ndogo, akarudia, akapita. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ni kufunga mabati kwenye nailoni na kubandika alama. Alikuwa ametumia muda mrefu barakoa ya kati aliyopewa kazini, na ilimvujia puani kwa kila alichoagizwa kufanya. Alipovua alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hivyo siku zote hizo nilikuwa navuta?" Mkufunzi hakumficha. Alimjibu, "Ndiyo mama, kiasi fulani ulikuwa unavuta." Hakuna aliyeongea kwa muda pale chumbani. Yule mama alikuwa ameivaa barakoa kila siku, hakuwahi kuzembea, na mwajiri wake angeweza kuapa kwamba amempa kifaa kamili.

Kwa hiyo ukiuliza kama barakoa hii inafaa, jibu ni kwamba inafaa kwa uso iliopimwa nao. Mkufunzi wa usalama kazini mwenye vifaa vya kipimo hicho anapatikana Mombasa na Nairobi ukimtafuta, na muda anaochukua kwa mtu mmoja haufiki nusu saa. Ukinenepa sana, ukikonda sana, ukipoteza meno ya pembeni au ukipata kovu kubwa usoni, rudia.

Kipimo hicho hakiondoi ukaguzi wa kila asubuhi, ambao hauhitaji chochote isipokuwa viganja vyako. Vaa, kaza mikanda ya nyuma kwa usawa pande zote mbili, usikaze mno hadi ukingo ukajikunja. Ziba vichujio vyote viwili kwa viganja, vuta pumzi taratibu, uishike kwa sekunde kama kumi. Barakoa inapaswa kunywea na kukubana usoni na kubaki hivyo. Ikirudi polepole kwenye umbo lake, kuna mahali hewa inaingia. Kisha ziba valvu ya mbele na upumue nje kidogo. Itavimba bila hewa kukutoroka kuelekea machoni. Mafundi wengi wanaovaa miwani ya kinga hugundua uvujaji kwa njia nyingine: kioo kinajaa mvuke kila wanapopumua, maana pumzi inapanda kando ya pua. Wengi huilaumu miwani, wakaivua. Angalia barakoa kwanza.

Ndevu. Hili ni zito kwetu watu wa pwani na nalisema kwa heshima. Wengi wetu tunafuga ndevu kwa sababu ya dini, na sitasimama mbele ya mtu nimwambie anyoe. Lakini mpira haushiki juu ya nywele. Hata vinyweleo vya siku moja, vile unavyovihisi ukipitisha kiganja, vinatosha kuacha njia kwa nyuzi. Masharubu yasiyofika kwenye ukingo hayana neno. Kwa mwenye ndevu kipo kifaa kingine: kofia pana inayofunika kichwa chote, iliyounganishwa kwa bomba na feni ya betri kiunoni, inayosukuma hewa iliyochujwa ndani. Haihitaji kushika usoni. Bei yake ni kubwa mara nyingi zaidi, na mkandarasi anayejali wafanyakazi wake huweka moja au mbili. Asipoweza, basi mtu huyo apewe kazi ya nje ya utepe unaozungushwa eneo la kazi. Tuna mzee mmoja katika kundi letu, fundi kuliko sisi sote, ambaye hapandi tena paa la asbesto. Anasimamia gari, anahesabu vifurushi na kushika karatasi za usafirishaji, na hakuna anayemwona amepungukiwa. Linalonisikitisha ni kumwona mwenye ndevu amevalishwa barakoa juu juu ili mkaguzi akipita aone sura imefunikwa.

Je, inasumbua? Inasumbua. Anayeivaa mara ya kwanza huhisi ananyimwa hewa, na ni kweli kwamba kila pumzi unaivuta kwa nguvu zaidi kidogo. Kifua huzoea baada ya siku chache ukianza na vipindi vifupi. Mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla hajaivaa kazini. Jasho hukusanyika kidevuni, na ngozi inabaki na alama nyekundu puani. Sisi tumeipanga kazi kuizunguka hali hiyo. Tunapanda saa kumi na mbili, mwanga wa kwanza, wakati bati bado lina baridi na upepo haujaamka. Upepo wa kusi ukishika kasi hatuezui kabisa, kwa sababu ya nyuzi na kwa sababu bati zito likikamatwa na upepo linamwangusha mtu. Kufikia saa nne na nusu au saa tano tumeshuka. Ramadhani tunamaliza mapema zaidi, kwa kuwa aliyefunga hawezi kurudishia maji anayoyapoteza ndani ya ovaroli. Siku za kawaida kunywa maji ni shughuli: huwezi kusogeza barakoa ukanywa. Inabidi ushuke, usafishwe, uvue kwa utaratibu, unywe, kisha uvae upya. Panga mapumziko mawili ya namna hiyo na uyahesabu katika bei ya kazi tangu mwanzo. Mkandarasi asiyeyahesabu ndiye atakayewaambia watu wanywe huko huko juu.

Na muguka, vijana wangu. Huwezi kutafuna ndani ya barakoa. Taya likitafuna, ukingo unapanda na kushuka mashavuni, na kila mwendo unafungua mwanya. Nimewaona wanaojaza shavu kabla ya kuvaa. Shavu lililovimba limebadilisha umbo la uso uliopimwa.

Ugumu ambao sikuutarajia kuwa mkubwa ni wa sauti. Barakoa nyingi za nusu uso hazina kipaza sauti, na neno linatoka limemezwa. Juu ya paa, wa juu na wa chini wanahitaji kuelewana: kamba ivutwe, isubiri, bati linashuka, simama. Kinachotokea ni kwamba mtu anainua barakoa kwa kidole, anapiga kelele "Vuta!", anairudisha. Pumzi anayoivuta baada ya kelele hiyo ni ndefu kuliko zote za asubuhi ile, na anaivuta wakati bati limetikiswa. Simu nazo hivyo hivyo. Dawa yake ni ishara za mikono mlizokubaliana chini kabla ya kupanda, na simu zote kuachwa garini. Ziko barakoa zenye kiwambo cha kupitishia sauti mbele. Kama bajeti inaruhusu, mnunulie angalau anayeongoza zamu.

Kifaa hiki hakifanyi kazi peke yake. Tunalowesha paa kwanza kwa pampu ya mgongoni, ile ile ya kunyunyizia dawa shambani, yenye maji na sabuni ya maji kidogo ili yapenye badala ya kuteleza. Bolti zilizoshika kutu tunazikata kwa mkasi wa chuma, grinda hairuhusiwi kuingia ndani ya utepe. Hatukanyagi bati, maana limechoka na halibebi mtu. Tunalaza mbao na ngazi juu ya kenchi. Tunaanza na kofia za paa, tunashuka nazo, kila bati linateremshwa zima, linafungwa mara mbili kwa nailoni nzito na tepu. Ukifanya hayo, hewa inayoizunguka barakoa tayari ni safi kiasi, na barakoa inashughulikia kilichobaki. Ukivunja bati kavu kwa nyundo, unaitwisha barakoa mzigo ambao haikuundiwa.

Sasa kuvua, ambako ndiko watu wengi wanajiumiza. Barakoa huvaliwa kabla ya kofia ya ovaroli, ili mikanda yake ikae chini ya kofia hiyo. Sababu inaonekana wakati wa kutoka: ovaroli inaweza kuvuliwa huku barakoa ikibaki usoni. Kwetu mtu anaposhuka ananyunyiziwa maji, anapanguswa kwa kitambaa kibichi, anakunja ovaroli kuanzia kichwani kwenda miguuni, ndani ikigeuka nje, anaiacha pamoja na glavu kwenye mfuko wa taka. Viatu ni vya mpira visivyo na kamba, kwa sababu nyuzi hujificha kwenye kamba na matundu yake. Kisha anaingia kwenye maji akiwa bado na barakoa, anaosha kichwa, shingo, na barakoa yenyewe kwa nje. Ya mwisho kuvuliwa ni barakoa. Wapo wanaoanza nayo kwa kuwa ndiyo iliyowasumbua zaidi, halafu wanaikung'uta ovaroli mbele ya pua wazi. Na nguo za kazi haziendi nyumbani. Duniani wako wake za wafanyakazi wa asbesto waliougua mesothelioma bila kuingia kiwandani hata siku moja. Walikuwa wanafua nguo za waume zao. Nikifika nyumbani mtoto hunirukia shingoni kabla sijavua viatu. Sina shaka ya kumpokea, kwa sababu nimeshaoga kazini na nguo nilizovaa hazijaingia ndani ya utepe.

Utunzaji ni rahisi, na hapa mpira unashinda tena. Toa vichujio, osha kiwiliwili cha barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, anika kivulini. Usitumie petroli wala thina. Mpira utakauka na kupasuka. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, itapinda ukingo na hutaona kwa macho. Kila mara fungua kifuniko cha valvu ya kutolea pumzi ukague kile kiwambo chembamba cha ndani. Unywele mmoja au chembe ya mchanga ikikaa chini yake, hewa ya nje inaingia moja kwa moja bila kupita kwenye kichujio. Mikanda ndiyo inayochoka kwanza kwa sababu ya jasho na chumvi ya huku kwetu, kisha valvu. Vyote viwili huuzwa kando kama vipuri, na fundi ambaye hana valvu ya akiba kwenye sanduku lake siku moja ataahirisha kazi au atafanya jambo baya zaidi ya kuahirisha.

Vichujio viko vya aina mbili kwa umbo. Vipo vya duara, laini, vyepesi sana usoni. Vipo vilivyofungwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Kwa kazi yetu ya maji napendelea vya kasha gumu, kwa kuwa unaweza kuvipangusa kwa kitambaa kibichi, na mtu akisimama kwenye maji ya kuoshea hailowi pamba ya ndani kirahisi. Vile laini vikilowa au kuchafuka, ndio mwisho wake. Badilisha kichujio kikichubuka, kikilowa, kikipita tarehe yake au ukianza kuhisi pumzi ni nzito kuliko jana. Vilivyotumika vinaingia kwenye mfuko wa taka ya asbesto pamoja na ovaroli. Usivipulize kwa kompresa vikaonekana vipya. Hewa hiyo inazirudisha nyuzi chumbani na kuichana pamba.

Kuna bidhaa bandia, na zimenikera. Nilipewa na duka moja la vifaa barakoa iliyofanana kila kitu na ya kampuni kubwa, na muuzaji akaniambia, "Ni ile ile, fundi, hii tu haina boksi." Haikuwa na namba ya kiwango popote kwenye kichujio, maandishi yalifutika kwa kidole, na mpira ulinuka vikali. Niliirudisha. Kichujio halali cha P3 kimeandikwa EN 143 pamoja na P3 na R au NR. Cha Kimarekani kimeandikwa NIOSH na P100, pamoja na namba ya kibali. Viwiliwili vya Ulaya huandikwa EN 140. Kuna tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa. Omba risiti inayotaja modeli. Na uangalie usiuziwe vile vya gesi na rangi, vyenye makaa ndani. Mafundi rangi wanavitumia na viko kila mahali, lakini peke yake, bila P3, havizuii nyuzi.

Barakoa hii ina mwisho wa uwezo wake pia. Nimeisifu kwa kazi ya mapaa ya saruji, yaliyoloweshwa, nje, penye hewa wazi. Asbesto nyingine ni tofauti kabisa: ile iliyofungwa kwenye mabomba ya mvuke na matangi ya kuchemshia, katika viwanda vya zamani na vyumba vya injini vya meli za zamani, au iliyopulizwa kwenye dari. Hiyo haina saruji ya kuishika, inaachia nyuzi kwa kuguswa tu, na mara nyingi ni ya kahawia au ya buluu, ambazo kwa mesothelioma ni mbaya kuliko nyeupe. Huko inatakiwa barakoa ya uso mzima yenye feni, ndani ya chumba kilichozungushiwa nailoni na kuvutwa hewa yake kupitia kichujio. Uingereza inaipa barakoa ya namna hiyo kiwango cha 40. Ukiitwa kwenye kazi hiyo ukiwa na nusu uso, jibu ni hapana, hata kama meli inaondoka kesho.

Kuhusu bei: kwa pesa ya moja na vichujio vyake unapata boksi la zile za karatasi, na hapo ndipo wakandarasi wengi huishia. Lakini boksi linakwisha, na kiwiliwili cha mpira kikitunzwa kinadumu. Unachonunua baadaye ni vichujio na vipuri. Kijana anayelipwa kwa siku asijinunulie. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndio wanaopokea malalamiko. Namwambia hivyo kila kijana anayeniuliza aanzie wapi, kwa sababu wengi wanadhani kuomba barakoa ni kiburi.

Na mwajiri anayesoma hapa: ukiwa na watu sita juu ya paa, nunua sita, za saizi walizopimiwa, pamoja na vichujio vya akiba, valvu za akiba na kisanduku cha plastiki chenye mfuniko kwa kila mmoja. Andika jina la mwenyewe juu ya kisanduku. Barakoa hizi haziazimwi.